NYAPARA AMEHAMIA NDANI YA HELMETI



Zamani nyapara alisimama mbele yako. Uliiona kofia yake, fimbo yake na daftari lake la majina. Akikutukana ulijua ni nani aliyekutukana, na jioni mkikutana chamani mliweza kumtaja. Leo nyapara wa mwendesha pikipiki haonekani kwa macho. Amehamia ndani ya helmeti, karibu na sikio, naye asema: "Baada ya mita mia mbili, geuka kushoto." Usipomsikia hakugombezi. Saa ya mteja inaendelea kuhesabu, nyota zako zinapungua, na kesho oda zinakwenda kwa mwingine.

Nataka tuongee juu ya sauti hiyo. Najua wako watakaosema kwamba chama kimekosa maneno. Petroli ni ghali, makato ni makubwa, pikipiki ya mkopo bado inadaiwa, na huyu anatuletea habari ya spika za helmeti! Ndugu yangu, ngoja usome mpaka mwisho. Habari ya petroli tunaijua sote, kwa sababu pesa zikitoka mfukoni mtu huzihesabu. Lakini masikio yetu yanaibiwa kidogo kidogo, na hakuna anayehesabu.

KAZI ILIVYO

Mwendesha boda wa steji huijua mitaa yake kama nyumba yake. Abiria akipanda husema, "Nipeleke kwa chifu," au "Niache nyuma ya soko," na yakikosekana maneno huelekeza kwa kidole. Huyu hahitaji sauti ya mashine. Lakini yule anayefanya kazi kwa programu ya simu, akibeba chakula, dawa au bidhaa za duka, anatumwa nyumba asiyoijua, katika mtaa asioujua, kwa mtu asiyemjua, tena kwa dakika zilizokwisha kuhesabiwa. Saa nne asubuhi yuko Kilimani, saa saba Embakasi, jioni Ruaka. Hawezi kuziweka njia zote hizo kichwani. Ramani ya simu ndiyo jembe lake.

Tena hawezi kuitazama ramani hiyo kila mara. Mtu aliye katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa akitazama chini kwa sekunde mbili tu, amekwenda mita 33 akiwa kipofu. Katika mita 33 za Jogoo Road mna matatu iliyosimama ghafla, mna mama anayevuka na mtoto, na mna shimo. Basi hana budi kuisikia ramani badala ya kuitazama. Kuisikia si anasa, wala si mchezo wa vijana. Ni sehemu ya kazi, kama tochi kwa mlinzi wa usiku.

Sasa tuulize: jembe hili la kusikilizia latolewa na nani? Halitolewi na mtu. Tajiri wa programu hutoa sanduku lenye jina lake kubwa, kwa sababu sanduku lamtangaza mjini, na mara nyingine hata hilo twalilipia sisi. Simu ni yetu, bando ni letu, helmeti ni yetu, na sikio ni letu. Amri peke yake ndiyo yake.

NJIA TATU ZA KUUMIA

Kwa kuwa hatukupewa kitu, kila mtu amejitafutia dawa yake. Nimezunguka nikatazama, nikaona njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuibana simu kati ya shavu na helmeti. Wengi wetu hufanya hivi. Sauti yasikika kidogo, lakini helmeti imekaa upande, na kati ya fuvu lako na ukuta wake umeweka kitu kigumu cha kioo na chuma. Ukianguka, cha kwanza kukupiga ni simu yako mwenyewe.

Njia ya pili ni visikizi vya kutia masikioni, vile vinavyouzwa Luthuli na kila pembe ya mji. Hivi huziba tundu la sikio. Ukitia vyote viwili huisikii honi ya lori nyuma yako, wala king'ora cha ambulansi. Na vikichomoka wakati wa kuvaa helmeti, huna la kufanya mpaka usimame.

Njia ya tatu ni bora, nayo ni spika bapa za Bluetooth zinazowekwa ndani ya kitambaa cha helmeti, mkabala na sikio. Lakini nayo ina mtego. Helmeti nyingi za bei rahisi hazina nafasi ya spika. Basi spika hulifinya sikio, na baada ya saa moja huwezi kuvumilia. Fundi naye huchukua kisu akachonga lile povu jeupe gumu lililo ndani ili kutengeneza nafasi. Ndugu zangu, povu lile ndilo linalomeza kishindo kichwa kikigonga lami. Anayelichonga amechonga uhai wake. Heri upotee njia kuliko kuligusa povu lile.

YALIYONIPATA

Mimi niandikaye haya ni mtu wa njia ya kwanza. Jioni moja ya mvua nilikuwa naingia mjini kwa Thika Road kutoka Githurai, nimebeba chakula cha mteja wa Muthaiga. Mwendo wangu ulikuwa kama kilomita 70. Simu nilikuwa nimeibana shavuni. Mnaijua barabara ile: kuna njia kuu na kuna njia ya pembeni, na ukikosa pa kutokea huwezi kurudi mpaka mbele sana. Upepo ulivuma ndani ya helmeti kama maji ya bomba lililopasuka. Nikasikia "...shoto." Sikujua kama ni sasa au ni mbele. Nikainamisha kichwa ili nisikie vizuri, na katika kule kuinama pikipiki ikahama kidogo. Matatu ya nyuma ikapiga breki, nami nikalala barabarani. Namshukuru Mungu dereva yule alikuwa macho.

Nilivunjika kifundo cha mkono. Ujumbe wa kwanza ulioingia katika simu haukuniuliza kama ni mzima. Uliniuliza oda iko wapi. Bei ya chakula ikakatwa katika hesabu yangu, na wiki sita nilizokaa nyumbani hakuna aliyenilipa hata senti. Jina la kampuni silitaji hapa, maana shauri langu bado liko mikononi mwa chama.

Mkono umepona. Lakini daktari alipokuwa akinipima aliniuliza maswali mengine, nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu: kwamba usiku nikilala nasikia mluzi masikioni ambao haukomi, na kwamba mke wangu hulalamika kila siku juu ya sauti kubwa ya redio, wakati mimi naiona ndogo. Daktari akasema, "Hilo halikuletwa na ajali. Hilo limeletwa na kazi."

ADUI NI UPEPO

Wengi hudhani kelele ya pikipiki ni injini. Si kweli katika mwendo mkubwa. Ukipita kilomita 60 na kitu, mngurumo wa injini unashindwa na upepo. Hewa hugonga helmeti, huzunguka na kupasuka hasa chini ya kidevu na pembeni, nayo huingia ndani pale shingoni. Vipimo vilivyofanywa Uingereza ndani ya helmeti vilionyesha karibu desibeli 90 katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, na zaidi ya hapo mwendo ukiongezeka. Helmeti hulinda kichwa, lakini hailindi masikio. Na wenzetu waliohamia pikipiki za umeme wasijidanganye. Injini imenyamaza, upepo ni ule ule.

Sasa tazameni hesabu yake. Desibeli si kama shilingi. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya kelele inakuwa maradufu. Upepo ukiwa 90, nawe wataka kuisikia ramani, huna budi kuipandisha sauti ipite upepo. Kwa hiyo sikio linapigwa mara mbili: mara ya upepo, na mara ya sauti inayoshindana na upepo. Ndani ya sikio mna vinywele vidogo sana vinavyopokea sauti. Vikifa havioti tena. Hakuna mkopo wala dawa ya kuvirudisha.

SHERIA IPO, LAKINI IMEISHIA MLANGONI MWA KIWANDA

Hapa ndipo penye shabaha ya maneno yangu. Kenya ina kanuni za kuzuia kelele kazini tangu mwaka 2005. Zasema mfanyakazi asikae katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8 katika siku. Zasema kelele ikizidi 85, mwenye mahali pa kazi lazima awe na mpango wa kuipunguza na kuyalinda masikio ya watu wake. Lazima wapewe vya kuziba masikio, na masikio yapimwe. Mtu wa kiwanda cha chuma cha Industrial Area akikosa hivi, ana mahali pa kulalamikia.

Nasi je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haikusema mahali pa kazi ni nyumba yenye bati na bomba la moshi tu. Imetaja hata chombo au kitu ambacho mfanyakazi yumo akiwa kazini. Basi nasema wazi: kiwanda chetu ni kipana kama kichwa cha mtu. Kuta zake ni helmeti. Ndani yake mna mfanyakazi mmoja, mna kelele ya desibeli 90, na mna nyapara anayetoa amri siku nzima. Ikiwa amri ya tajiri inaweza kuingia humo, sheria nayo iingie.

MAJIBU YA MATAJIRI

Matajiri wana majibu matatu, nami nitayajibu yote.

Wasema kwanza: "Hawa si wafanyakazi wetu. Ni washirika. Kila mmoja ni bwana wa nafsi yake." Mshirika gani huyu asiyeweka bei, asiyechagua njia, na asiyejua leo kama kesho akaunti yake itafunguka? Maneno haya si mapya. Kibarua wa siku pale bandarini Mombasa akilipwa jioni, tajiri hakumjua tena mpaka alfajiri. Ilikuwa ni mgomo wa Januari 1947, na mingine iliyofuata, iliyowafundisha wakubwa kwamba mtu anayebeba mzigo kila siku ni mfanyakazi kila siku. Na huko Uingereza, Februari 2021, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madereva wa Uber waliopeleka shauri lao ni wafanyakazi wenye haki zao, ijapokuwa mkataba uliwaita jina jingine. Juni 2025 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani kule Geneva ulikubali kwamba itungwe sheria ya kimataifa juu ya kazi za programu. Dunia imeanza kuliona jambo hili.

Wasema pili: "Hatukuwalazimisha kutumia sauti. Wakitaka wasimame pembeni wasome ramani." Maneno matamu! Lakini dakika zile mlizipima ninyi. Mtu anayesimama kila njia panda kusoma ramani atachelewa, na mnaye mpimaji asiyelala anayeandika kila dakika aliyochelewa. Huwezi kumfunga mtu miguu kisha ukasema hukumlazimisha kutambaa. Akiumia mtasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mwiba huu hatukujidunga.

Wasema tatu: "Vifaa ni ghali." Spika za helmeti zisizo za fahari ni shilingi elfu chache, na vizibo vya sponji vya masikio ni bei ya chai na andazi. Ikiwa ni ghali kwa kampuni yenye ofisi katika nchi nyingi, je, kwa mtu anayelipia mkopo wa pikipiki kila siku?

Na Serikali isituambie kwamba kampuni hizi haziguswi. Mwaka 2022 ilitunga kanuni za kampuni za usafiri wa programu, ikaweka kikomo cha makato kuwa asilimia 18. Kumbe wakitaka wanaweza. Kanuni za pikipiki za mwaka 2015 zamlazimisha mwendeshaji kuvaa helmeti na koti linalong'aa. Kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa anayetumia simu akiwa mwendoni. Yote haya ni juu ya mgongo wa mwendeshaji. Juu ya yule anayeituma sauti hatuoni mzigo wowote. Askari wa trafiki anakukamata kwa sababu umegusa simu iliyokuambia ugeuke, na aliyeipa simu hiyo kazi ya kukuambia yuko ofisini anakunywa chai.

Kuna na jambo la sauti yenyewe. Mara nyingi ni sauti ya Kiingereza kilichotoka mbali, na majina yetu ya barabara huyavunja hata mwenyeji hayatambui. Tena ramani ikiwekwa kama ya motokaa hukutuma kwenye Expressway, ile barabara ya kulipia ya Mlolongo mpaka Westlands iliyofunguliwa mwaka 2022, ambako pikipiki imekatazwa. Ukisikia vizuri utaikataa amri hiyo. Ukisikia nusu yake umekwisha kuingia.

NA SISI PIA TUJIAMBIE UKWELI

Singekuwa mwaminifu kama ningewalaumu matajiri peke yao. Wako wenzetu wanaotia visikizi vyote viwili wakapiga muziki kutoka asubuhi hata usiku, na abiria nyuma yao anaita "Shukisha!" mpaka anachoka. Wako wanaocheka wakiambiwa wazibe masikio kwa sponji, eti hawatasikia kitu. Kinyume chake ndicho kweli: kizibo hupunguza upepo na sauti pamoja, na sikio lisilolemewa na upepo huyachambua maneno vizuri zaidi, mradi spika ina nguvu. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini letu bado halijafa.

Mpaka tutakapopata haki, tushike haya. Spika moja yatosha, nayo iwe upande wa kushoto, kwa sababu nchini kwetu tunaendesha kushoto na anayekupita hukujia kuliani. Sikio la kulia liachwe kwa ajili ya barabara. Isogezwe spika mpaka itazame tundu la sikio sawasawa, maana ikienda kando kidogo sauti hupotea nawe utaipandisha bure. Isikilize njia yote kabla hujaondoka, ili sauti ikukumbushe tu, isikufundishe ukiwa mwendoni. Simu usiitie helmeti. Povu usilichonge. Na usiposikia, pita. Kugeuka mbele ni dakika tano. Mimi nilitaka kuziokoa dakika tano hizo, nikapoteza wiki sita.

TUNAYODAI

Nawaomba wajumbe wa matawi wayapeleke haya katika mkutano mkuu:

1. Kila kampuni inayotuma kazi kwa ramani ya sauti itoe spika salama ya helmeti na vizibo vya masikio kwa kila mwendeshaji, bila kukata katika malipo yake.

2. Masikio ya waendeshaji yapimwe mara moja kwa mwaka kwa gharama ya kampuni, na karatasi ya majibu iwe mali ya mwendeshaji.

3. Dakika za safari zihesabiwe kwa mwendo halali wa pikipiki, na zisikatwe nyota wala malipo kwa aliyekosa njia au aliyesimama kusoma ramani.

4. Kanuni za kelele za mwaka 2005 zitamkwe wazi kwamba zinawahusu wanaofanya kazi juu ya pikipiki, hata mkataba ukiwaita washirika.

5. Anayeumia akiifuata amri ya programu ahesabiwe ameumia kazini, alipwe fidia na alipwe siku zake.

Hatudai dhahabu. Twadai kwamba anayetia amri yake katika sikio la mtu alitunze sikio hilo.

Tangu mwezi huu kamati ya tawi letu inaandika majina ya wote wanaosikia mluzi, na wote walioumia wakifuata sauti. Njoo uandikwe. Usione haya. Nilipolisema langu mbele ya wenzangu steji, nilidhani watanicheka. Kati ya watu kumi na mmoja tuliokuwa tumekaa pale, wanne waliinua mikono wakasema, "Hata mimi." Kumbe kila mtu alikuwa akilala na mluzi wake peke yake, akidhani ni uzee.

Nyapara wa zamani alituogopa tulipoanza kuzungumza sisi kwa sisi. Huyu wa sasa ameingia sikioni ili tumsikilize yeye tu. Basi tuvue helmeti, tukae chini, tusikilizane.

Umoja ni nguvu.

Ndimi mwanachama mwenzenu,
Mwendesha Pikipiki, Nairobi.